Filimbi ya Kuitia Wanyama: Pumzi Hii ni ya Nani?

(Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, Ikola na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Limepigwa chapa ili lisomwe kwa sauti kikundini.)

Leo tutazungumza habari ya pumzi. Mtu akivuta pumzi, kisha akaipuliza ndani ya kitu chenye uwazi, sauti hutoka. Mnyama au ndege aisikiaye sauti hiyo hugeuka, husimama, na pengine huja. Hayo ni mambo ya kale sana, wala hakuna ajuaye nani aliyaanza. Swali letu la leo ni la kisheria. Je, mtu aweza kwenda ofisini, akalipa ada, akatoka na hati isemayo kwamba chombo hicho cha kupuliza ni chake peke yake, na kwamba mwingine akikitengeneza bila idhini yake atashtakiwa?

Msidhani ni swali la mzaha. Huko Marekani kampuni mbili zilishitakiana kwa ajili ya chombo cha namna hii, kidogo kiasi cha kukaa ndani ya kinywa, na kesi yao ikapanda mpaka mahakama ya rufani, ikaamuliwa mwaka 2006. Tutaifikia. Lakini nataka tuanzie karibu na nyumbani. Ninyi wa Ikola na Karema mna ziwa upande mmoja na miombo upande wa pili, na katika miombo hiyo yumo ndege ambaye yafaa awe shahidi wetu wa kwanza.

Ndege huyo ni mlembe. Kwa umbo si wa kutazamwa mara mbili, maana manyoya yake ni ya kijivu na kahawia tu. Lakini ana tabia mbili za ajabu. Ya kwanza, hula nta, na tumbo lake laweza kuisaga, jambo ambalo viumbe wachache sana huliweza. Ya pili, hawezi kupasua mti wala kushindana na nyuki, basi humtafuta mtu. Hupiga kelele mbele yake, huruka mti hadi mti, humngoja, huendelea, mpaka wafike penye nyuki. Mtu huwasha moshi na kurina asali, na mlembe hupata masega na majana yaliyobaki. Mmisionari Mreno, João dos Santos, aliyekaa Sofala katika pwani ya Msumbiji mwishoni mwa karne ya 16, aliandika habari za ndege hawa. Aliwaona hata ndani ya kanisa, wakidonoa mishumaa ya nta.

Basi mlembe humwita mtu. Na mtu naye humwita mlembe, na hapo ndipo somo letu linapoanza kweli.

Kaskazini mwa Kenya wako Waborana. Mrina asali wa Kiborana atakapo kumwita ndege hupiga mlio mkali uitwao fuulido. Huupiga kwa kupuliza hewa kati ya viganja vilivyofumbatwa, au ndani ya kombe la konokono lililotengenezwa kwa kazi hiyo, au ndani ya kokwa la mkoma lililotobolewa na kukombwa. Mlio huo husikika zaidi ya kilometa moja. Tafadhali yashikeni maneno haya: kokwa lililokombwa, hewa ikapulizwa, ndege akaitika. Hicho ni chombo cha kuitia mnyama kwa nguvu ya hewa. Hakikutoka kiwandani, wala hakuna hati yake katika ofisi yoyote.

Hapa kwetu Tanzania, Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi humwita mlembe kwa mluzi wenye sauti ya kupanda na kushuka. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, hawapigi mluzi. Wao hutetemesha ulimi, «brrr», kisha humalizia kwa mguno mfupi, «hm». Mwaka 2016 wataalamu walitangaza matokeo ya majaribio yao huko Niassa. Mtu aliyetembea porini huku ikisikika sauti ya Kiyao alipata kuongozwa na ndege mara 66 katika 100, lakini kwa sauti nyingine zisizo na maana hiyo ilikuwa kama mara 33 tu. Mwaka 2023 walitangaza jambo la kushangaza zaidi. Mlembe wa Uhadzani huitika mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Kiyao, na yule wa Niassa huitika zaidi sauti ya Wayao. Maana yake ni kwamba ndege wa kila nchi amejifunza lugha ya watu wa hapo. Mwito ule ni elimu, tena elimu ya watu wawili, mmoja wao akiwa na mbawa.

Sasa tugeukie upande wa sheria.

Hataza, ambayo wengine huiita patenti, ni hati ya serikali impayo mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasiuze wala wasitumie uvumbuzi wake kwa muda fulani. Katika nchi nyingi muda huo ni miaka 20 tangu siku ya kuomba. Angalieni vizuri, haki yenyewe ni ya kuzuia. Mwenye hataza ya bunduki mpya hapati kwa hataza hiyo ruhusa ya kuwinda ndani ya Hifadhi ya Katavi! Nayo serikali haitoi haki hiyo bure. Mvumbuzi hana budi kueleza kwa maandishi na michoro jinsi chombo chake kinavyofanya kazi, ili muda ukiisha kila fundi aweze kukitengeneza. Ni mapatano: toa siri yako, upewe miaka.

Desturi hii si ya jana. Jamhuri ya Venice ilitunga sheria yake mwaka 1474. Huko Uingereza wafalme walikuwa wakiwagawia watu wao haki za peke yao hata kwa vitu vya kawaida. Mtu mmoja aliwahi kupewa haki ya karata za kuchezea, na mwaka 1602 mahakama ikaitangua. Bunge la Uingereza likachoka, likapitisha sheria mwaka 1624 kuzifuta haki hizo, isipokuwa kwa mtu aliyeleta kitu kipya kweli, naye kwa miaka 14 tu. Kutoka hapo tumerithi fikira ya msingi, kwamba kilicho cha watu wote hakiwezi kufanywa cha mmoja.

Tanganyika chini ya Waingereza haikuwa na ofisi ya kupima uvumbuzi. Aliyekuwa na hataza ya Uingereza ndiye aliyeweza kuileta huku iandikishwe. Fikirini maana yake. Fundi wa Ikola aliyebuni kitu mwaka 1950 ilimlazimu aanze kwa kuomba London, kwa Kiingereza na kwa fedha za Kiingereza. Desturi hiyo haikwisha siku ya Uhuru, bali iliendelea mpaka ilipoanza kutumika Sheria ya Hataza iliyotungwa na Bunge letu mwaka 1987.

Siku hizi, karibu katika kila nchi, kitu hupimwa kwa mambo matatu. Je, ni kipya? Je, kinafaa kwa kazi? Na je, kina hatua ya uvumbuzi, yaani ni kitu ambacho fundi wa kawaida wa kazi ile asingekifikia kwa ujuzi wake wa kila siku? Hili la tatu ndilo gumu, na ndilo linalowapa mawakili chakula. Mahakama Kuu ya Marekani ililigusa mwaka 1851. Watu walikuwa na hataza ya vishikio vya milango vilivyofinyangwa kwa udongo. Vishikio vya mti na vya chuma vilikuwako tangu zamani, na jinsi ya kuvifunga ilijulikana. Kilichobadilika ni kutia udongo mahali pa mti. Mahakama ikasema hiyo ni kazi ya fundi hodari, si kazi ya mvumbuzi. Hataza ikaanguka.

Sasa tuifikie ile kesi ya filimbi. Wamarekani ni wawindaji wakubwa wa bata na bata mzinga wa porini. Mwaka 1870 Elam Fisher wa Detroit alipewa hataza ya chombo cha kuitia bata, na tangu hapo biashara hiyo imekua mpaka ikawa na viwanda na matangazo. Chombo kimoja wakipendacho ni hiki: kiunzi kidogo mfano wa herufi U, kilichowambwa utando mwembamba wa mpira. Mwindaji hukiweka kwenye kaakaa, hupuliza hewa juu ya utando, utando hutetemeka, na sauti ya bata mzinga hutoka. Watu wa pwani wataona ni jamaa ya ulimi wa zumari. Mikono yote miwili hubaki kwenye bunduki.

Kampuni ya Primos ya jimbo la Mississippi ilikuwa na hataza mbili za miaka ya 1990 kwa chombo cha namna hiyo. Haikudai kuwa imevumbua kuita bata mzinga kwa kinywa, maana hilo lilikwisha julikana. Ilidai kitu kidogo zaidi, yaani kibati kilichokaa juu ya utando. Hata hicho hakikupita kwa urahisi. Mkaguzi wa Ofisi ya Hataza alilikataa dai kama lilivyoandikwa mwanzo, na mwombaji akaongeza maneno ili alipunguze. Alisema kibati kina urefu, na kwamba kimetengwa na utando kwa nafasi. Ndipo hataza ikatolewa.

Baadaye kampuni ya Hunter's Specialties ya jimbo la Iowa ikatoa chombo chake. Hakikuwa na kibati. Kilikuwa na kuba, kadogo, juu ya utando. Primos ikashtaki. Mshtakiwa akajitetea kwa hoja ambayo kila mjumbe wa baraza la kijiji ataielewa: «Wewe ulisema kibati. Ulipokataliwa ukapunguza dai lako kwa maneno yako mwenyewe. Sasa huwezi kurudi ukasema kibati maana yake ni kuba pia.» Hoja hiyo ina nguvu. Aliyeiuza nusu ya shamba ili apewe hati hawezi kesho kulidai shamba zima.

Mahakama ya Rufani ishughulikiayo mambo ya hataza ilijibu mwaka 2006. Kuhusu neno urefu, ilisema neno hilo halikupunguza kitu, kwa kuwa kila kitu chenye umbo kina urefu. (Hakimu aliyesema hivyo angefaa kuwa mwalimu wa hesabu.) Kuhusu nafasi kati ya kibati na utando, ilisema ni kweli neno hilo lilipunguza dai, lakini kuba nalo limetengwa na utando kwa nafasi. Basi lililoachwa katika kupunguza halikuwa lile linaloshindaniwa. Kuba likahesabiwa kuwa sawa na kibati, na Primos ikashinda.

Mimi, ndugu msomaji, naiona kesi hii kuwa na mafundisho kuliko ukubwa wa chombo chenyewe. Tazama kilichogombewa. Wale matajiri hawakugombea mwito wa bata mzinga, wala pumzi, wala utando uwambwao. Waligombea kipande cha kitu kisichozidi ukucha. Sheria inapofanya kazi yake vizuri, ndivyo inavyokuwa. Mkaguzi huyaondoa yote yaliyojulikana, kama mtu apembuaye mchele, na kinachobaki kwenye ungo ndicho apewacho mwombaji.

Lakini mkaguzi hupembua kwa macho yake. Asichokiona hakiondoi, na hapo ndipo habari inapotuhusu sisi wa Afrika Mashariki.

Kwa muda mrefu sheria ya Marekani ilikuwa na kifungu cha ajabu. Ili kumnyima mtu hataza kwa sababu kitu chake si kipya, ilitosha kuonyesha kwamba kitu hicho kilijulikana au kilitumika ndani ya Marekani. Lakini kama kilitumika nchi nyingine, matumizi hayo peke yake hayakuhesabiwa. Ilitakiwa kiwe kimepewa hataza huko, au kimeelezwa katika maandishi yaliyochapishwa. Maana yake ni nini? Mzee wa Kiborana angeweza kupuliza kokwa lake kila msimu, na baba yake kabla yake, na mbele ya sheria hiyo kokwa likawa kama halijazaliwa, kwa sababu tu habari zake hazikupigwa chapa. Kifungu hicho kilibadilishwa na sheria ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika upande huo tarehe 16 Machi 2013. Tangu hapo kilichokuwa wazi kwa watu mahali popote duniani chaweza kuhesabiwa. Nchi za Ulaya zilikuwa zimetangulia kukubali matumizi ya mahali popote. Lakini hata huko aliyeko mbali hana budi kuthibitisha, na kuthibitisha jambo lisiloandikwa ni safari ndefu.

Wahindi waliijua safari hiyo. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa chuo kikuu kimoja huko Mississippi walipewa hataza ya Marekani ya kutumia manjano kuponyesha vidonda. Manjano, ile ile tunayotia katika mchuzi! Kila bibi wa Bara Hindi alijua dawa hiyo, lakini ushahidi wa bibi usingetosha. Baraza la utafiti wa sayansi la India likakusanya vitabu na makala za zamani, likayapeleka, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Kilichoshinda ni karatasi.

Na sasa turudi kwa fuulido. Mwaka 1989 Mkenya mmoja, Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na mwenzake H.-U. Reyer, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya miaka yao ya kuwafuata warina asali wa Kiborana. Watu wengi huikumbuka makala hiyo kwa hesabu zake. Mrina asali asiye na ndege alitumia kwa wastani saa 8.9 kupata nyuki, na mwenye kuongozwa na ndege saa 3.2. Lakini ndani yake zimo habari za filimbi pia: viganja, kombe la konokono, kokwa la mkoma, hewa ikipulizwa. Sidhani waandishi walikuwa wakifikiria hataza hata kidogo. Hata hivyo, siku ile habari hizo zilipochapishwa, kokwa la Waborana liliingia katika ungo wa kila mkaguzi duniani. Mtu akija leo na dai la kumwita mlembe kwa kupuliza kokwa lililokombwa, jarida hilo latosha kumrudisha.

Wengine watasema, basi Waborana wamelindwa. Nusu ni kweli. Wamelindwa na mtu wa kuwanyang'anya, lakini hawakupata senti. Kuchapisha hufunga mlango kwa wote, na mwenye nyumba naye yumo. Kitu kikishakuwa wazi si kipya tena, na kwa hiyo hata aliyekibuni hawezi kukiombea hataza, isipokuwa katika nchi chache zinazompa muda mfupi baada ya kukitangaza; Marekani humpa miezi 12.

Jirani zetu wa Ethiopia walipata fundisho lao katika nafaka. Tefu ndiyo unga wa injera, na wameilima tangu enzi. Kampuni moja ya Uholanzi iliomba hataza mwaka 2003, na mwaka 2007 ikapewa hataza ya Ulaya iliyohusu unga wa tefu na namna ya kuutayarisha. Ikakaa hivyo zaidi ya miaka 10. Kilichoiangusha si malalamiko ya Waethiopia, ingawa walilalamika sana. Kampuni ya Kizungu iliyokuwa ikiuza bidhaa za tefu ilishtakiwa, ikajitetea, na mahakama ya The Hague mwezi Novemba 2018 ikasema hataza hiyo haina hatua ya uvumbuzi, ikaitangua katika Uholanzi. Wenye tefu wakasikia habari baadaye. Siwezi kuiita hiyo haki iliyokamilika. Ni bahati njema tu.

Ndiyo sababu nchi za Afrika zilizo katika shirika la haki za uvumbuzi lenye makao yake Harare, liitwalo ARIPO, zilikutana Swakopmund, Namibia, mwaka 2010, zikatunga mapatano ya kulinda elimu ya jadi. Mapatano hayo yalianza kufanya kazi mwaka 2015 kwa nchi zilizoyaridhia. Yanasema kwamba jamii yenye elimu ina haki juu yake, na mgeni atakaye kuitumia aombe kibali chao na wagawane faida. Shirika lenyewe lilitokana na mapatano ya Lusaka ya mwaka 1976, na Tanzania ni mwanachama.

Haya, tujaribu mfano, maana somo lisilo na mfano ni kama mtumbwi usio na kafi. Tuseme hapo Ikola yuko kijana fundi wa baiskeli. Babu yake ni mrina asali, lakini kifua kimechoka na pumzi haitoshi kupiga mluzi. Kijana anachukua kibuyu kidogo, anakitoboa, anakifunga kwenye mpira wa pampu ya baiskeli. Babu anasukuma pampu, na kibuyu kinalia. Je, anaweza kupata hataza?

Kwanza, je, ni kipya? Pengine hakuna aliyefunga pampu na kibuyu ili kumwita mlembe. Tumpe alama hiyo. Je, kinafaa? Babu atajibu. Je, kina hatua ya uvumbuzi? Hapo, kijana, pole. Filimbi ilijulikana, pampu ilijulikana, na kwamba pampu hutoa hewa kila mtoto ajua. Aliyeunganisha vitu viwili vinavyojulikana, kila kimoja kikafanya kazi yake ya siku zote, ana ndugu yake katika yule wa kishikio cha udongo. Mahakama Kuu ya Marekani ilirudia fikira hiyo mwaka 2007, katika kesi iliyohusu kikanyagio cha mafuta cha gari.

Lakini tuseme kijana hakuishia hapo. Ameona kwamba pampu hutoa hewa kwa vishindo, na mlio unakatika, ndege hauitiki. Akabuni kigae ndani ya shingo ya kibuyu kinachozuia hewa na kuiachia polepole, mlio ukapanda na kushuka kama mluzi wa kinywa cha mtu. Kama mafundi wengine wasingefikia hilo kwa ujuzi wa kawaida, basi ana kitu. Anacho kile kigae, pamoja na namna kinavyofanya kazi. Hana kibuyu, hana pampu, na hana mlembe. Hiyo ndiyo sehemu yake, kama vile kibati kilivyokuwa sehemu ya Primos.

Akitaka kuiomba, ofisi ya Tanzania Bara ni BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Zanzibar ina utaratibu wake. Asikionyeshe kigae sokoni wala asikieleze redioni kabla ya kuomba. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa kuwa fundi mwenye furaha huwa hafungi mdomo. Tena ajue kwamba hataza haivuki mipaka. Hati ya Tanzania haimzuii mtu wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kukitengeneza kigae hicho huko kwake. Na hataza ya Marekani peke yake haimzuii mtu wa Ikola kutengeneza kwa ajili ya Ikola. Wengi huogopa bure katika jambo hili. Ni ada na kazi kuomba katika kila nchi, na kijana ahesabu kwanza warina asali wangapi watanunua. Kama ni 20, afadhali auze vibuyu tu.

Wala asisahau kwamba kuingia hifadhini kurina asali au kuwinda bila kibali ni kosa, hata filimbi ikiwa na hataza kumi.

Kwa upande wa babu habari ni nyingine. Mluzi wake hauwezi kupewa hataza, maana ni wa zamani na wa wote. Unaweza lakini kuandikwa, na uamuzi wa kuuandika, au kuuacha ubaki katika vinywa vya wenyewe, ni wa wazee wenye elimu hiyo, si wa afisa elimu. Wakikubali uandikwe, wajue kwamba daftari lililofungiwa kabatini si maandishi yaliyochapishwa. Mkaguzi hataliona. Ni lazima nakala iwekwe mahali ambapo mtu yeyote aweza kuisoma, kama maktaba au makumbusho. Na wakikataa, wajue pia kwamba siku ya mabishano watahitaji mashahidi walio hai.

Kikundi kikutanapo wiki hii, mwenyekiti aulize kwanza: hapa kwetu, kando ya ziwa na porini, ni vyombo gani vya kupuliza vilivyotumika kumwita ndege, mnyama au mwenzako? Kisha mjadili kama yule kijana wa kibuyu afanye haraka kuomba hataza ya kigae chake, au akitangaze kiwe cha wote. Kwa kila chombo ambacho wazee wamekubali kiandikwe, katibu aandike jina lake kwa lugha ya kwao, kimetengenezwa kwa kitu gani, hewa inaingilia wapi na kutokea wapi, nani alimfundisha yule anayekijua, na tarehe ya siku ile.